Pikipiki wanaijua, mtihani wawashinda

Ukitaka kujua nani ataanguka mtihani wa udereva Migori, usimtazame yule anayetetemeka. Mtazame aliyefika bila wasiwasi wowote, akiendesha pikipiki yake mwenyewe, kisha akaiegesha mbali kidogo, nyuma ya vibanda, kwa sababu hana leseni na ndiyo kwanza amekuja kuitafuta.

Huyo amebeba abiria kwa miaka. Amewahisha wajawazito hospitalini usiku wa manane, amepakia magunia ya mahindi, vitanda, mbuzi, na mara moja moja jeneza. Anajua kila shimo kati ya Uriri na Rongo, na anajua polisi wa trafiki hupenda kusimama wapi. Lakini muulize alama ya pembetatu yenye ukingo mwekundu inamwambia nini dereva, ile ya duara yenye ukingo mwekundu inamwambia nini, na kwa nini hazikuchorwa umbo moja. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Pembetatu inaonya, duara jekundu linakataza, duara la samawati linaamuru. Mtoto wa gredi ya nne angeyashika hayo kabla ya kengele ya mapumziko, naye hajawahi kugusa usukani.

Hali ni hiyo hiyo Homa Bay mjini, Oyugis, Rodi Kopany na Mbita. Tumezoea kudhani mtihani wa udereva ni chujio la wasiojua kuendesha. Ukikaa na wanafunzi na walimu wa huku Nyanza Kusini utagundua kuwa huwanasa zaidi wale wanaojua kuendesha kwa namna yao. Mgeni hufanya alichofundishwa kwa kuwa hana kingine cha kufanya. Mzoefu ana kazi mbili, kujifunza na kusahau, na ya pili ndiyo nzito.

Tulifikaje hapa? Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya cc 250. Kabla ya hapo boda boda ilikuwa baiskeli, kazi iliyoanzia mpakani Busia. Baada ya hapo pikipiki zilimwagika vijijini, na katika kaunti kama hizi mbili, Migori na Homa Bay, zilikuta pengo kubwa likizingoja. Samaki hutoka Sori na Mbita, omena hutoka Muhuru Bay, na vijiji vilivyo mbali na lami havijawahi kuona matatu ikiingia. Kijana aliyemaliza shule bila karo ya chuo alipata kazi siku aliyopata mtu wa kumwazima pikipiki. Shule yake ya udereva ilikuwa uwanja wa mpira wa shule ya msingi, jioni, na mwalimu alikuwa binamu. Hii klachi, hii gia, achia polepole, haya twende. Kesho yake alikuwa stejini akiita abiria.

Leseni ingekuja baadaye, na kwa wengi baadaye hiyo haikufika. Wakati mwingine ilikumbukwa kwa lazima. Machi 2022, baada ya waendeshaji boda boda kumdhulumu dereva mwanamke kwenye Barabara ya Profesa Wangari Maathai jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako wa nchi nzima. Ulisitishwa baada ya siku chache tu, ila msako wa aina hiyo huacha hofu, na hofu huwakumbusha watu shule za udereva. Siku hizi kuna misukumo mingine: kampuni ya mikopo inataka leseni kabla ya kutoa pikipiki, kazi ya kupeleka vifurushi inataka leseni, au hazina ya NG-CDF imelipia vijana wa eneo bunge masomo ya udereva na jina lako limo kwenye orodha. Basi mtu aliyebeba abiria miaka mingi anajikuta amekaa kwenye benchi na mtoto wa jirani aliyemaliza kidato cha nne juzi, wote wawili wanafunzi.

Sheria yenyewe si changa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilianza kutumika 1954, na inataka anayeendesha gari awe ametimiza miaka 18, wa pikipiki miaka 16. Kwa muda mrefu waliotahini walikuwa polisi. Kazi hiyo sasa ni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Hata hivyo watu hawasahau upesi, na watahiniwa wa makamo bado humwita mtahini "afande" hata akiwa na shati la maua. Madaraja ya leseni nayo yamegawanywa. Pikipiki yako binafsi ni A2; ukitaka kubeba abiria wa kulipa, au kuendesha tuktuk, ni A3. Kwa magari madogo, aliyetahiniwa kwa gari la otomatiki hupewa B1, aliyetahiniwa kwa gari la gia B2, na wa kazi ya kulipwa B3. Mwanafunzi huchukua kwanza leseni ya muda, ile PDL, kisha hulipia mtihani Sh1,050. Akipita, hulipia kadi Sh3,050 na kwenda Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole. Akianguka, Sh1,050 zimekwenda, na atatafuta nyingine.

Niruhusu niguse jambo dogo hapa ambalo halimo katika kitabu chochote cha sheria. Malipo haya yote hupitia eCitizen, na akaunti za watu wengi wa vijijini zilifunguliwa na kijana wa saiba, kwa nambari ya simu ya kijana huyo na nywila aliyoibuni yeye. Siku ya kulipia mtihani wa pili, kijana ameshahamia Nairobi. Kuna watu ambao kilichowachelewesha kurudia mtihani hakikuwa klachi wala mzunguko. Ilikuwa nywila.

Turudi kwenye mtihani. Watu wanaosubiri husimama vikundi vikundi, boda boda upande wao, wa magari upande wao, na wa malori, ambao huwa kimya kuliko wote, peke yao. Katikati kuna meza, na juu ya meza kuna mji wa mfano.

Mji huo hauna makuu. Ni ubao wa plaiwudi uliopakwa kijani pa nyasi na kijivu pa lami, na mistari myeupe iliyochorwa kwa mkono wa mtu asiyekuwa na rula. Una mzunguko, njia panda, barabara ya upande mmoja, kivuko cha waendao kwa miguu, reli na mahali pa kuegesha. Vigari ni vya kuchezea. Kimoja kimepauka, kingine gurudumu moja limetoka. Mtahini huweka kidole: toka hapa, nenda pale, halafu uje uegeshe huku. Mtahiniwa husukuma kigari kwa kidole huku akitangaza kila anachofanya. Natazama vioo. Natoa ishara. Nashika njia yangu ya kushoto. Nampisha aliye kulia kwangu. Sasa naingia.

Ni mambo ya kitoto, na hapo ndipo ulipo mtego wake. Mtu wa miaka arobaini, mwenye wake na watoto, hukitazama kile kigari na kuona haya. Hukisukuma haraka ili aibu iishe. Akifika kwenye mzunguko anataka kwenda kulia, na kwa kuwa kulia ni pale karibu anapopaona, anakata moja kwa moja kulia, ndivyo afanyavyo kila siku kwenye njia panda ya kijijini kwao. Kwa sheria zetu mzunguko huingiwa kwa kushoto na kuzungukwa kwa mwendo wa saa, hata kama unakokwenda kuko puani. Mtahini hagombi. Anakiinua tu kigari mezani kwa vidole viwili na kukirudisha kilipoanzia, na mtahiniwa anacheka, kisha anaona wenzake hawacheki.

Wapo wanaoanguka kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Hawa wameukariri mji wote kama sala, kuanzia mlango wa maegesho hadi reli, kwa Kiingereza, neno kwa neno. Mtahini akianzia upande mwingine wa ubao, sala inakatika. Hawakuwahi kujifunza kwa nini unampisha aliye kulia. Walijifunza kwamba baada ya neno fulani hufuata neno fulani. Lawama hapa naiweka kwa baadhi ya walimu. Mwanafunzi aliyelipa kwa shida anataka apite haraka, mwalimu naye anataka wengi wapite, basi wanakutana katikati kwenye kukariri.

Na kwa nini kwa Kiingereza? Darasani mwalimu hueleza kwa Dholuo, au kwa Kikuria ukiwa Kehancha, akachanganya na Kiswahili, lakini majina ya alama na sentensi za mezani huyafundisha kwa Kiingereza. Mvuvi wa Muhuru Bay anayeijua kanuni barabara hufika mbele ya mtahini, akaanza kutafuta neno la Kiingereza ambalo hakuna aliyemwomba, jasho likamtoka, akaonekana hajui. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Una haki ya kusema "nampisha aliye kulia kwangu" na ukahesabiwa umejibu. Shule ya udereva isiyomwambia mwanafunzi wake hivyo inamnyima alama ambazo tayari ni zake.

Kuna jambo lingine kuhusu ule mji wa mezani: ni mji wa watu wengine. Mtu wa Ndhiwa au Magunga anaweza kuishi miaka mingi bila kusimamishwa na taa nyekundu hata mara moja, na mizunguko anayoiona mezani ataikuta kwa kweli siku atakapokwenda Kisumu. Mwanafunzi huiona kama hadithi. Si hadithi. Agosti 2025 basi lililobeba waombolezaji lilipata ajali kwenye mzunguko wa Coptic pale Kisumu, na zaidi ya watu 20 wakafa. Barabara za huku zinapeleka watu kwenye mizunguko kila siku, hasa siku za matanga, wakati magari ya shule, malori na Probox zote zinapogeuka kuwa magari ya msiba. Leseni inayotolewa Homa Bay haina mpaka wa kaunti. Mwenye nayo anaweza kuamka kesho akaendesha hadi Mombasa.

Barabarani hadithi ni nyingine. Watahiniwa wa magari Migori hujikuta kwenye barabara kuu ya A1, ile itokayo mpakani Isebania, ikapita Awendo na Rongo kuelekea Kisii na Kisumu. Mbele kuna trela la kutoka Tanzania, kando kuna boda boda, nyuma kuna matatu yenye haraka. Homa Bay kuna utulivu zaidi, ila mji umekaa kwenye mteremko kati ya mlima Asego na ziwa, na mteremko ndio adui wa kwanza wa mwenye gari la gia.

Kuondoka ukiwa mlimani ni kazi ya sekunde tatu au nne. Handibreki imevutwa, gia ya kwanza imeingia, mguu wa kushoto unaachia klachi taratibu mpaka mngurumo wa injini unashuka kidogo na pua ya gari inataka kuinuka. Hapo klachi imeshika. Ongeza mafuta kidogo, shusha handibreki, gari linapanda. Mwanafunzi aliyezoea anaisikia klachi ikishika kwenye unyayo kabla ya kuisikia masikioni. Mwenye hofu anaachia upesi, gari linaruka mara moja na kuzima, na kutoka nyuma honi zinaanza, na makanga anatoa kichwa dirishani: "Madam, toa gari!"

Injini kuzima mara moja hakujawahi kuwa mwisho wa dunia. Kinachoangusha ni kinachofuata. Anapiga stata gari likiwa bado kwenye gia, linaruka tena. Au anasahau handibreki, na gari linaanza kurudi nyuma kuelekea ile matatu yenye honi. Walimu wazuri huwazoesha wanafunzi kuzimikiwa makusudi: zima hapa, vuta handibreki, rudisha gia huru, vuta pumzi, washa, anza upya. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara kumi mlimani haogopi honi. Walimu wa namna hiyo si wengi.

Mzoefu naye barabarani huangushwa na shingo. Anatazama kioo kwa kona ya jicho, jambo ambalo kwa kweli amelifanya, lakini mtahini aliyekaa pembeni hakuliona. Anapogeuka kulia na pikipiki anatoa mguu badala ya kuwasha indiketa, kwa sababu stejini mguu ndio indiketa. Helmeti ameivaa, ila mkanda wa kidevuni unaning'inia. Anabana mkono mmoja tu kwenye usukani. Kila moja ya hizo ni tabia ambayo haijawahi kumletea balaa, na hakuna mwalimu mbaya kuliko tabia ambayo haijakuletea balaa bado.

Anayeanguka anarudi nyumbani na nini? Gharama, kwanza. Si Sh1,050 peke yake. Kuna nauli ya kutoka Sindo au Mfangano, na huyo wa Mfangano ana boti pia. Kuna siku nzima ya kazi iliyopotea, na mwenye pikipiki anadai hesabu yake ya jioni hata kama ulikuwa kwenye mtihani. Kuna gari la shule litakalokodishwa tena, maana mtahiniwa wa gari haendi na kiti. Kisha kuna kungoja, kwa kuwa siku ya mtihani hupangwa na haiji kwa kuitwa.

Pili ni maneno ya watu. Stejini hawana huruma: dereva mzima wewe, umeangushwa na kigari cha plastiki! Kwa walimu wa shule na wachungaji ni tofauti, hakuna anayewacheka usoni, ila habari hufika kanisani kabla yao. Ndiyo maana wengi hawamwambii mtu tarehe ya mtihani. Wanaaga kwamba wanakwenda benki Migori. Akipita, ananunua soda na kila mtu anashangaa lini alijifunza. Akianguka, alikwenda benki.

Wanawake hubeba la ziada. Mama wa biashara ya omena aliyenunua Probox kwa jasho lake, akaajiri dereva, akagundua dereva anamwibia mafuta, akaamua ajifunze mwenyewe, huyo akianguka mara moja atasikia kutoka kwa shemeji, jirani na hata dereva aliyemfuta kwamba si alionywa. Mwanamume akianguka ni bahati mbaya. Mwanamke akianguka ni uthibitisho. Hata hivyo, waulize walimu wa udereva na wengi watakwambia wanafunzi wa kike ambao hawajawahi kuendesha ndio wanaoshika ule mji wa mezani upesi zaidi, kwa sababu ile ile niliyoanza nayo: hawana cha kusahau.

Nisiposema habari ya njia ya mkato nitakuwa nimemficha msomaji. Kila aliyesoma udereva nchini amewahi kunong'onezwa kwamba kuna kitu kidogo kinachoweza kurahisisha mambo, na kizazi cha kile kijitabu chekundu cha leseni kina watu ambao hawakuwahi kuuona uso wa mtahini. Kadi ya kisasa ilianza kutolewa 2017 ili, pamoja na mengine, kuwabana wenye leseni bandia. Kadi hutambua alama za vidole. Haitambui kama mwenye vidole aliwahi kuondoka mlimani bila gari kurudi nyuma. Kwa takwimu za NTSA, watu 4,324 walikufa barabarani Kenya mwaka 2023, na 4,748 mwaka uliofuata. Ukizisoma nambari hizo, kisha ukamwona kijana aliyeanguka akitoka pale uwanjani kichwa chini, unaweza hata kumpongeza. Kuna mtu alimwangalia kwa makini, akaona kosa, akalikataa. Wangapi wetu tulipata bahati hiyo?

Nchi nyingine kuanguka hakuna maajabu. Uingereza ililazimisha mtihani wa udereva kuanzia Juni 1, 1935, na hadi leo mitihani ya barabarani inayofuzu kule haifiki nusu. Hilo linawahusu watu wa huku kuliko wanavyodhani. Muuguzi wa Homa Bay anayekwenda kufanya kazi Uingereza huruhusiwa kutumia leseni ya Kenya miezi 12 tu tangu ahamie. Baada ya hapo hana budi kutahiniwa. Huko makosa madogo yakizidi 15 umeanguka, na kosa moja kubwa linatosha peke yake. Dereva wa miaka kumi kutoka Kendu Bay anajikuta hana tofauti na kijana wa Kiingereza wa miaka 17, anaangushwa na vioo asivyogeuzia shingo, na anawapigia simu nyumbani akilalamika. Tofauti ni kwamba kule mtahini humwambia kila kosa, naye hupata taarifa iliyoandikwa.

Na kwa anayeona mara ya tatu ni aibu, kuna bibi wa Korea Kusini, Cha Sa-soon, muuza mboga. Alianza kufanya mtihani wa maandishi Aprili 2005. Aliupita Novemba 2009, mara ya 950. Kisha akaanza kuanguka wa kuendesha, akaupita baada ya kuujaribu mara kadhaa zaidi, na mwaka 2010 akapata leseni akiwa na miaka 69. Kampuni ya Hyundai ilimzawadia gari. Sisemi mtu wa Rongo alipie mitihani 950. Kwa Sh1,050 kila mara, hiyo ni karibu milioni moja, na kwa milioni moja angenunua gari na kuajiri dereva.

Ninachosema ni kwamba anayerudia anastahili kurudia akiwa anajua kitu kipya. Wengi wa huku huondoka uwanjani na neno moja tu, kwamba hawakupita. Mmoja anadhani alianguka kwa mzunguko, kumbe ni ishara. Mwingine anadhani mtahini hakumpenda. Anarudi nyumbani, anafanya mazoezi ya kile alichokuwa anakijua tayari, na mara ya pili anaanguka palepale. Dawa yake haihitaji bajeti ya bunge. Karatasi na kalamu vinatosha: jina la mtahiniwa, tarehe, kosa la kwanza, kosa la pili, sahihi.

Shule za udereva nazo zina lao. Waondoeni wanafunzi mezani siku moja muwapeleke Kisumu, kila mmoja aingie kwenye mzunguko wa kweli kwa gari la kweli. Mwanafunzi wa boda boda apewe saa za kutosha barabarani, maana mnamchukulia anajua, mnamfundisha alama kwa haraka na kumwacha na mguu wake kama indiketa. Na aliyeanguka asitozwe upya kana kwamba ni mgeni. Mlimfundisha ninyi.

Na wewe uliyeangushwa wiki hii, kabla hujapanda matatu ya kurudi Ndhiwa, rudi kwa mtahini, kwa adabu, umuulize kosa lako lilikuwa lipi, na umwombe akuandikie. Ibara ya 47 ya Katiba inampa haki ya kupata sababu kwa maandishi yeyote ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma. Kuuliza hakuna ada.